Sura ya Dale kwenye Gurudumu

Kila Ijumaa Emil Hudak na jirani yake Walt Prusak walikwenda pamoja dukani kwa Bi. Lenz, na kila Ijumaa waligombana kwa jambo lile lile: pakiti ipi ya kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, inamfaa mtu asiye na hela za kuchezea. Walt alishikilia ile ya karatasi ya nta, yenye kipande cha chingamu kigumu kama kigae. Emil alitaka ya nailoni, maana ukiitazama unaiona kadi ya juu kabla hujalipa.

"Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia," Emil alisema.

"Na mimi bahati siipigi chabo," Walt alijibu. "Halafu yako haina chingamu."

"Chingamu hiyo itakuja kukung'oa meno ya bandia, bwana. Utacheka na nani?"

Wazee wazima, wastaafu wa kiwanda cha matairi pale Barberton, Ohio, wanabishania vitu vya watoto! Lakini Walt alikuwa na sababu. Mwaka ule mwanawe Dale, mrushaji mpira wa akiba kwenye ligi kuu, alikuwa amechapishiwa kadi yake ya kwanza, na Walt aliapa ataipata kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya pakiti, kama mtu mwingine yeyote. Alifungua moja baada ya nyingine pale pale kaunta, akatafuna chingamu, akakosa, akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichomchoma Emil. Kwani Dale ni nani? Dale alikuwa mtoto mwembamba aliyekuja kila jioni uani kwa akina Hudak kuombaomba arushiwe mpira. Fundi alikuwa Gene, mwana wa Emil. Mji mzima ulijua kwamba wa kufika mbali ni Gene. Kisha bega la Gene likachanika akiwa na miaka kumi na tisa, na leo Gene anapakia matairi kwenye malori na habari za besiboli hataki kuzisikia. Dale yuko kwenye televisheni. Wivu ulimkaa Emil kooni kama mwiba wa samaki. Akimeza unauma, akikohoa unauma.

Ijumaa moja Walt alishikwa na mafua, Emil akaenda dukani peke yake. Akapekua pakiti za nailoni. Na hapo, juu kabisa ya pakiti mojawapo, Dale Prusak alikuwa akimtabasamia.

Mtu muungwana angekimbia nayo kwa jirani mgonjwa. Emil alilipa, akaitia mfukoni, akaenda kuifungulia nyuma ya banda lake. Alimtazama Dale usoni, kofia mpya, shingo nyembamba ile ile, roho ikamuuma hasa. Nyuma ya kadi hizi huandikwa takwimu za mchezaji na mstari mmoja wa kumhusu. Emil hakuigeuza. Sifa za Dale alikuwa amezisikia za kumtosha.

Darla, binti wa Gene, alikuwa akiendesha baiskeli barabarani. Emil akamwita.

"Njoo nikutilie injini."

Katika mtaa ule hakuna asiyejua desturi hii: kadi za magwiji huhifadhiwa kwenye boksi la viatu, na za wachezaji wa kujazia nafasi hubanwa kwa kibanio cha nguo kwenye gurudumu la baiskeli, zipigwe na spoku na kulia kama pikipiki mpaka zichakae. Emil alimbana Dale barabara. Darla akakanyaga pedali, *trrrrr*, akapita mbele ya nyumba ya Prusak, akarudi, akapita tena. Wiki nzima Emil alikaa kwenye kibaraza akiusikiliza mlio ule, na kusema kweli aliufurahia. Sasa na wewe upigwe kidogo, alijisemea.

Walt alipopona alitoka nje, shingoni amejizungushia skafu, akamsimamisha mtoto.

"Ngoja, mjukuu wangu. Nani huyu unayemtwanga hivi?"

"Sijui. Babu kanipa."

Walt akainama, akaitazama kadi. Emil alimwona akiitazama kwa muda mrefu. Furaha yote ikamwishia, miguu ikampeleka barabarani bila kuiamuru.

"Walt, bwana, sikia..."

"Kumbe uliipata." Walt hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha. "Nimekula chingamu mpaka taya zimekufa ganzi, na wewe unayo."

"Ilikuwa utani tu."

"Ulisoma nyuma?"

Emil akatikisa kichwa.

"Sikuwa naitafuta kwa ajili yangu, Emil. Mimi nina picha za Dale ukuta mzima. Kampuni ilimuuliza angependa kiandikwe nini nyuma, akanipigia simu kuniambia alichosema. Nikamwambia nitaipata moja, nimpe Gene mkononi. Nilitaka aisome mwenyewe, na wewe ukiwepo."

Darla alikwisha kufyatua kibanio. Upande mmoja wa kadi ulikuwa umeliwa na spoku, umebaki nyuzinyuzi za karatasi. Akaigeuza, akasoma kwa sauti ya darasani:

"'Dale asema kurusha mpira wa kupinda alifundishwa uani kwa jirani na mrushaji bora kuliko wote aliopata kuwaona, aitwaye...'" Akaisogeza karibu na macho. "Pamechanika hapa. Aitwaye nani, babu?"

Walt alitazama pembeni. Hakumsaidia Emil.

"Baba yako," Emil alisema, lakini sauti haikutoka, ikabidi aseme tena.