Ubeti wa Mazishi

Shemeji yangu Baibín alifika na mvua, siku ya kumi na moja tangu mke wangu Nápla apatwe na kiharusi. Alisimama mlangoni na koti lake la Boston kana kwamba anasubiri kupigiwa makofi.

"Ingia au toka," nikamwambia. "Unatuingizia baridi."

"Ulimi wako haujazeeka, Beairtle."

"Na miguu yako imezeeka sana. Siku kumi na moja!"

"Nilikuwa na maonyesho, shemeji."

"Lini hukuwa nayo?"

Nilimwekea chai, maana mgeni ni mgeni hata akiwa huyu. Hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akavuta kigoda karibu na kitanda cha dada yake.

Huku kwetu Connemara, pwani ya mbali na Dublin, wimbo una mwenyewe. Mama humpa mtoto mmoja, na wengine, hata wakiujua neno kwa neno, hawafungui mdomo mwenyewe akiwepo. Mama yao alikuwa na wimbo wa babu yao aliyezama na mtumbwi, na alimpa Nápla, mkubwa. Una beti saba. Sita unaziimba jikoni siku yoyote ukimenya viazi. Ubeti wa saba huimbwa tu kaburini, akizikwa mtu wa nyumba hiyo, na kabla ya hapo mama humnong'oneza mrithi wake sikioni, basi.

Nápla alipokuwa na miaka ishirini na miwili alishikwa na kifua kikuu. Walimpeleka hospitali, na hakuna aliyetarajia kumwona tena. Majira yale ya baridi yakatokea mashindano ya uimbaji Dublin, na Baibín, mwenye miaka kumi na tisa na sauti ya kumtoa padri machozi, akaenda na wimbo wa dada yake. Aliimba amefumba macho. Mwimbaji wetu akiimba hivyo, lazima mtu akae kando yake, amshike mkono na kuuzungusha polepole kufuata wimbo, asije akapotea huko alikokwenda peke yake.

Aliyemshika mkono Dublin ni mimi. Miaka arobaini na moja nimemkasirikia Baibín, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Alishinda. Ikaja redio, zikaja santuri, Glasgow, Boston, mabango yenye uso wake. Na majira ya kuchipua Nápla akarudi, ana pafu moja, lakini mzima. Majirani walijaa jikoni siku hiyo hiyo wakamwomba wimbo wake.

"Mwombeni mwenyewe," alisema, akatoka kwenda kufungia kuku.

Hakuuimba tena, na Baibín naye hakuuimba mbele yake. Nilipomwoa Nápla aliniuliza swali moja tu kuhusu Dublin.

"Alipotea?"

"Hakupotea."

"Basi ulimshika vizuri," akasema, akanimiminia chai. Afadhali angenirushia birika.

Ubeti wa saba aliuimba mara moja tu, kwenye kaburi la mama yao, akihema kwa pafu lake lile moja. Baibín alikuwa Marekani. Mimi nilikuwepo, lakini upepo ulikuwa mkali, na nilichoambulia ni kwamba una mistari minne. Ningeweza kumwomba anirudie maneno yale siku yoyote ya ndoa yetu. Sikuthubutu.

Sasa Nápla alikuwa amelala, uso umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umekufa. Wa kushoto bado ulikuwa hai. Neno hata moja hakuweza kutoa.

"Dada," Baibín alisema, "wananiita malkia, na wimbo wenyewe sijui unaishaje."

"Umekuja kubeba na kilichobaki?" nikamuuliza.

Hapo akalia, siyo kilio cha jukwaani, kilio kibaya chenye makamasi. "Nimekuja nipate cha kumzikia, Beairtle! Hamkupata mtoto, nani mwingine atamwimbia kaburini? Nikiwa na beti sita nitamzika nusu. Dada, nilikuibia. Nilijua ninakuibia, hata kwenye gari moshi nilijua. Nitukane, lakini niambie."

"Hawezi kusema. Umechelewa, mama."

Mkono wa kushoto ukasogea juu ya blanketi, kiganja wazi. Nikakimbilia kikombe cha maji. Nápla akakisukuma, maji yakanimwagikia suruali. Hata akiwa hoi, mke wangu alijua kunionyesha kwamba sijaelewa. Mkono ukaenda kumtafuta Baibín, ukamshika, ukaanza kuzunguka.

Baibín alielewa kabla yangu. Akafumba macho, akaimba. Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini aliimba beti zote sita, kwa mara ya kwanza mbele ya mwenye wimbo. Maneno ya mwisho aliyasema tu kwa sauti ya kawaida, kama ilivyo desturi yetu, ili watu wajue wimbo umekwisha na wanaweza kukohoa. Kisha akauachia mkono.

Nápla hakuuachia. Aliendelea kuzungusha.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu taratibu zaidi, mahali pa kuvuta pumzi. Wa nne. Midomo haikutikisika hata kidogo. Baibín alikuwa ameinama juu yake, sikio karibu na mdomo ule uliopinda, akirudia, "Neno, dada. Neno moja tu." Mkono ukasimama, ukamminya mara moja, ukalala.

Tulimpoteza Alhamisi, mchana. Mimi nilikuwa nakoroga uji wake.

Makaburini alikuja mtu wa redio na mashine yake ya kurekodia. Baibín aliimba beti sita, macho yamefumbwa, na alipofika mwisho hakuyasema yale maneno. Alininyooshea mkono. Sikuwa nimeugusa tangu Dublin.

Niliushika. Niliuzungusha bila wimbo, mstari kwa mstari, taratibu kwenye ule wa tatu. Watu walitazama viatu vyao. Nilimsikia yule wa redio akimnong'oneza padri kwamba maskini mama wa watu amesahau.

Mstari wa nne ukaisha. Hapo neno la mwisho linapaswa kusemwa, na yeye hakuwa nalo, wala mimi sikuwa nalo. Tulibaki tumeshikana mikono kwenye mvua, na kijiji kizima kikasimama kimya, hakuna aliyejua kama ameruhusiwa kwenda nyumbani.