Mehitable Crouch Aomba Nafasi ya Mehitable Crouch

Jumamosi saa tisa alasiri, katika ukumbi wa kanisa la Wexcombe, Massachusetts, Mwalimu Pruitt alikuwa akichagua waigizaji wa mchezo wa kila Oktoba, huku maharage ya mlo wa jioni yakitokota jikoni. Wa nne kwenye orodha alikuwa Mehitable Crouch, aliyenyongwa mwaka 1692 kwa uchawi. Nyayo zake zilining'inia kidogo juu ya sakafu. Msafishaji alimpenda kwa hilo, maana ndiye pekee ambaye hakuingiza matope.

"Kamba hiyo umeipata wapi, mama?" Pruitt aliuliza. "Mtu angedhani ya kweli."

"Ni ileile."

"Na unaomba nafasi ya nani?"

"Yangu."

Siku moja kabla ya kumnyonga, washiriki wa kanisa waliinua mikono kumtenga, na jina lake likakatwa kwa wino katika kitabu chao. Ni mikono ya washiriki tu ingeweza kulirudisha. Lakini aliyetengwa haruhusiwi kusema neno katika mkutano wa kanisa. Mchungaji Haskell alikuwa amemweleza hivyo mara kumi na moja, kwa upole mkubwa na chai. Katika mchezo, hata mbuzi alikuwa na maneno yake.

Pruitt alimpa nafasi, ingawa alimwona hajui kuogopa vizuri.

"Hapa unakiri, kisha unalia," alimwelekeza. "Watu wanapenda machozi."

"Waliokiri hawakunyongwa, mwalimu. Mimi nilinyongwa."

"Bibi wee, usiniharibie mchezo! Maneno haya yamesemwa miaka tisini."

Jumapili ya mchezo, mchana, washiriki wote walijaa vitini. Hakimu mwenye ndevu za pamba akamwamuru akiri. Mehitable akawageukia watu vitini.

"Sema nakiri!" Pruitt alinong'ona nyuma ya pazia. "Nakiri, mama, nakiri!"

"Sikiri," alisema, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma. "Sikufanya. Enyi washiriki, wanaotaka jina langu lirudi kitabuni, wainue mikono."

Bwana mmoja wa mbele akafuta machozi, akaanza kupiga makofi, na wote wakasimama wakapiga makofi dakika nne nzima. Karani wa kanisa, mtu makini sana, alitazama safu kwa safu kama kuna mkono ulioinuliwa. Haukuwapo hata mmoja. Mikono yote ilikuwa kazini, ikipiga makofi. Akaandika hivyo kitabuni.

Baadaye Mehitable akanyongwa, kama mchezo unavyotaka, na pazia likafungwa.

"Umetutoa machozi, mama!" Mchungaji Haskell alimkumbatia, akiangalia asimkanyagie kamba. "Mwakani usikose."

Mehitable alilegeza kitanzi, akala sahani mbili za maharage, kisha akaenda kwenye ubao ambako orodha ya Oktoba ijayo ilikuwa imebandikwa, ikiwa bado tupu. Akaandika jina lake juu kabisa, akikandamiza kalamu mpaka herufi zikaingia kwenye mbao.