Udongo Wenye Nywele

Mkuu wetu wa maabara tunamwita Desimali, maana hana imani na kitu kisicho na nukta. Nilipomwambia nimechanganya udongo, chokaa na nywele za bandia kutoka saluni ya dada yangu, aliuliza ni asilimia ngapi. Nikamwambia sifuri nukta tano. Akatulia.

Udongo wenyewe ni wa ule mteremko ulio juu ya nyumba ya mama. Umeshaporomoka mara mbili, na mara ya pili ulikuja kusimama kwenye ukuta wa chumba anacholala. Safari hii ungeshindiliwa upya, ama kwa chokaa tupu, ama kwa chokaa na nyuzi za nywele, na sahihi ya kuamua ilikuwa ya Desimali. Niliogopa, sifichi.

Nywele nilizikata mwenyewe, kila uzi urefu wa ukucha, siku mbili mkasi mkononi. Kisha silinda zangu mbili za udongo, moja ya chokaa tupu na moja yenye nywele, zikakaa zikomae siku ishirini na nane ndani ya mifuko ya nailoni. Dada alisema hata wateja wake hawadekezwi hivyo.

Siku ya siku tukaziweka kwenye mashine ya kukandamiza, moja baada ya nyingine. Ya chokaa tupu ilibeba uzito zaidi kidogo, halafu ikapasuka pa! Ya nywele ilivimba tumbo, ikapasuka taratibu, ikabaki imeshikana.

"Zote zimepasuka," Desimali alisema, kalamu tayari juu ya fomu. "Na chokaa tupu imeshinda kwa nukta tatu. Nywele mrudishie mwenyewe."

"Bosi, hebu weka simu yako hapa mezani."

Akaiweka. Ilikuwa mpya, hata ile karatasi ya dukani hajaibandua kiooni. Nikainua silinda ya nywele na nyufa zake zote, nikaitikisa juu ya simu. Vumbi tu.

"Michezo gani hii?" akacheka.

Nikainyanyua ya chokaa tupu. Haijafika hata nusu ya njia, mkono wa Desimali ukawa umeshaichukua simu. Vipande vikaanguka palepale ilipokuwa.

"Simu umeiondoa, bosi. Mama yangu nimwondoe nimpeleke wapi?"

Fomu haikuwa na kisanduku cha swali hilo. Desimali akaipangusa simu kwa tai.

"Dada yako nywele anazo kilo ngapi?" akauliza. "Na sitaki makadirio."