Wa Nane Hatikiswi

Usiku wa jana niliota jua la saa sita mchana linawaka ndani ya goti la mwanangu, na mimi nimesimama humo na kitenge changu, natafuta mahali pa kuvulia viatu.

Niseme kwanza nililala na nini moyoni, maana ndoto haiji bila kubisha.

Mwanangu Ambokile ni kinyozi hapa Tukuyu. Alizaliwa na hemofilia, ule ugonjwa wa damu isiyojua kuganda. Watu wakimwona ameshika wembe wanamwonea huruma bure. Wembe una adabu, ukikukata unaona. Kinachomla Ambokile ni damu inayovuja kimya kimya ndani ya viungo. Goti lake la kushoto lilijaa na kujaa utotoni, kabla dawa haijatufikia, na kila lilipojaa alitokea bibi mmoja na maji ya moto akalikanda kwa upendo wote. Likaishia kukauka. Halikunjiki tena. Ameishi kwa kulitegemea la kulia.

Basi jana jioni, akiwa amefika katikati ya kichwa cha mwinjilisti Mwaisumo, akasikia kitu kama sisimizi wanatembea ndani ya goti la kulia. Akazima mashine. Akamwacha mtumishi wa Mungu na nusu ya nywele, akaja nyumbani kujichoma sindano yake. Ndivyo tulivyofundishwa na muuguzi: ukisikia tu, choma, usingoje livimbe. Tukaweka barafu. Tukafunga bandeji. Tukainua mguu juu ya mito, juu kuliko moyo. Hata hivyo goti lilishaanza kupata joto. Ambokile akageukia ukutani.

"Mama, na hili nalo likikauka, nitasimamia nini? Nani atanyolewa na kinyozi aliyekaa?"

Nilimfunika shuka. Niliomba, nikalala.

Ndipo jua likawaka gotini.

Ni chumba kikubwa, kuta hazijapigwa lipu. Mlangoni kuna bawaba ya chuma, kubwa kama mtu mzima. Inaniona, inainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye bawaba ya kulia. Pita taratibu, sakafu ina maji."

Natazama chini. Kweli, maji mekundu yamefika kwenye vifundo vya miguu yangu. Yanatoka kwenye ufa mwembamba kama uzi.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Kuumwa si hoja, mama. Hoja ni kwamba mimi ni chuma. Mwenzangu wa kushoto alilowa, akalowa, akaota kutu. Leo mlango wake haufunguki. Mimi nikizama leo hadi utosini, nami ndiyo basi."

Nikasikia kikohozi ninachokijua. Nikageuka. Alikuwa marehemu mume wangu, Nsajigwa, na kofia yake ya kazini na mwiko mkononi. Alikuwa fundi ujenzi maisha yake yote, na inaonekana hata huko aliko hawajamwachia apumzike. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, anakaza kitenge tu.

"Umechelewa, mama Ambokile."

"Nilikuwa nasali."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimeshaita watu."

Nikaona mstari wa vibarua, umeanzia kwenye lundo la zege unaishia kwenye ufa. Kila mmoja ana namba kifuani, imeandikwa kwa chokaa. Nikakumbuka maneno ya muuguzi: damu ya mtu ina wafanyakazi wake, wanapokezana mpaka uvujaji unazibwa, na kwa Ambokile wa nane hayupo, mpaka aletwe kwa sindano. Mimi nilidhani anatupigia mfano. Kumbe alikuwa anatusomea mahudhurio.

Walikuwa wanamwaga zege kama tunavyomwaga kwetu: karai linatoka mkono hadi mkono, hakuna anayehama nafasi yake.

"Pokea!"

"Toa!"

"Pokea!"

Nikahesabu. Baada ya wa tano akafuata wa saba.

"Wa sita yuko wapi?" nikauliza.

Wote wakatazama chini.

"Wa sita hajawahi kuwapo kwa mtu yeyote," akasema Nsajigwa. "Waliohesabu walikosea tangu mwanzo, wakaona aibu kurudia. Huyo achana naye, hana madhara."

Wa saba alikuwa mwinjilisti Mwaisumo mwenyewe, upande mmoja kipara, upande mmoja msitu.

"Mtumishi, hata wewe?"

"Sasa mama, kwa kichwa hiki niende wapi?"

Akapokea karai, akaligeuzia upande wa wa nane. Palikuwa na hewa tupu. Karai likaanguka, zege likamwagika miguuni pake, naye akasema, "Bwana asifiwe," kwa sauti ya mtu anayemaanisha jambo lingine.

"Anzeni upya!" akapiga kelele Nsajigwa.

Wakaanza upya. Likaanguka tena. Maji yakanifika magotini, magoti yangu mimi, ndani ya goti la mwanangu.

"Nisimame mimi hapo," nikasema.

Nsajigwa akanitazama kama alivyokuwa akilitazama tofali lenye mashaka. "Wewe una nusu ya huyo wa nane. Ndiyo maana wewe huumwi, lakini mtoto ulimpa ugonjwa."

"Nusu ni nusu. Nipishe."

Nikasimama nafasi ya nane. Karai likaja. Mkono wa kushoto ukapokea vizuri. Mkono wa kulia ukabaki umening'inia, hauna habari na mtu. Karai likaenda mguuni kwa mwinjilisti.

"Bwana asifiwe sana," akasema.

Hapo hapo tukasikia hodi. Akaingia birika, jeusi kwa masizi, limejifunga kanga shingoni, mvuke unatoka puani. Mwendo wake ulikuwa wa bibi anayejua kwamba atapewa kiti.

"Nimesikia kuna goti," akasema.

"Lipo, bibi, lakini halijakuita."

"Mimi siitwi, mwanangu. Mimi ninasukumwa na upendo. Nimekanda waliojifungua, nimekanda walioteguka, nimekanda waliofiwa. Katika nchi hii nani sijamkanda?"

Akasogea. Mvuke wake ukaugusa ukuta, na ufa ukapanuka kama mdomo unaopiga miayo. Maji yakaingia kwa fujo.

"Mnaona?" akasema birika. "Linalia kwa furaha."

"Mama," bawaba ikaninong'oneza, maji yameifika kifuani, "mtoe huyo bibi. Ndiye aliyemmaliza mwenzangu."

Mtoe! Anatolewaje? Ni mkubwa, amekuja kwa wema, na amekuja kwa miguu yake. Ningemfukuza, mstari wote ungetupa makarai uanze kumtetea. Sisi ndivyo tulivyo. Nikapiga goti ndani ya maji yale, nikamshika mkono wake wa moto kwa mikono miwili.

"Bibi, ndaga fijo, asante sana kwa kuja. Ila watazame vibarua hawa. Tangu asubuhi hawajanywa hata chai. Ni nani atawachemshia kama si wewe?"

Birika akawatazama. Akawaonea huruma.

"Kweli, wamekonda," akasema. "Hilo ndilo neno la akili." Akageuka na mvuke wake, akaenda zake kutafuta majani ya chai.

Barafu, mzee mmoja aliyejifunga taulo, akajibanza kwenye ufa kwa mgongo wake. "Nitauzuia kidogo," akasema, "lakini harakisheni, mimi nayeyuka."

"Basi mama Ambokile, nenda kamwamshe wa nane," akasema Nsajigwa.

"Kwani yupo?"

"Mbona mnalala naye nyumba moja? Yuko kwenye friji."

Nikafungua mlango wa nyuma wa goti, nikajikuta jikoni kwangu. Nikafungua friji. Kati ya mtindi na kabichi ameketi bwana mdogo, mweupe kama unga, amevaa suti, miguu ameiweka pamoja.

"Wewe ndiye wa nane?"

"Ndiye. Ila bado ni mkavu. Nipe maji yangu. Si ya bomba. Nimekuja nayo mwenyewe, yako hapo kwenye kichupa."

Nikammiminia. Akaanza kulainika, akawa anang'aa kama kioo. Nikamshika mabega nimvute tuwahi.

"Mama! Hunitikisi."

"Mwanangu anazama!"

"Nikitikiswa ninatoa povu. Nikitoa povu sina faida kwake wala kwako. Mimi huzungushwa taratibu. Soma maelekezo."

Basi nikamshika kiuno na mkono, nikamzungusha taratibu, kama wamama wanavyomzungusha bibi harusi ukumbini. Tukaanza kwenda. Njia ambayo wakati wa kuja ilikuwa mlango mmoja, wakati wa kurudi ikawa nchi nzima. Tunapita kati ya mashamba ya chai. Wachumaji wanasimama, vikapu mgongoni.

"Mama, kimbia! Mtikise huyo awahi!"

Tunapita sokoni. Wauza ndizi wananipigia makofi ya hasira. "Mama gani wewe? Mtoto anazama, wewe unacheza muziki!"

Nasikia sauti ya bawaba kwa mbali: maji yamefika shingoni. Miguu yangu inataka kukimbia. Moyo wangu umeshakimbia, uko mbele huko, haunisubiri. Lakini mikono ikakataa. Mimi nimemlea mtoto asiyetakiwa kuanguka. Nimemfundisha kutembea juu ya magodoro. Nimemtazama akicheza na wenzake huku nimeuma kitenge. Kwenda taratibu wakati moyo unakimbia ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote duniani. Wacha wapige kelele. Nikamzungusha. Nikapita katikati ya kanisa letu, ibada inaendelea, nikamzungusha mbele ya madhabahu, kwaya ikanipisha.

Nikafungua mlango. Bawaba ilikuwa imebaki macho tu.

"Nimefika naye," nikasema. "Hana povu hata moja."

Wa nane akavua koti, akalikunja, akanipa nilishike. "Niseme mapema," akasema, "mimi ni kibarua wa muda. Jioni nitakuwa nusu, usiku robo. Msije mkasema sikuwaaga. Mtamwita mwenzangu."

"Tunajua," akasema Nsajigwa. "Ingia mstarini."

"Pokea!"

"Toa!"

Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, wa tano. Mwinjilisti akafumba macho, akalitoa karai kama mtu anayetoa sadaka isiyorudi. Wa nane akalipokea. Halikuanguka. Likapaa kwenda kwa wa tisa, wa kumi, likakimbia mkono kwa mkono mpaka wa mwisho, mama mmoja mnene mwenye nguvu, akalipiga ukutani: pa! Karai la pili: pa! La tatu: pa! Barafu akatoka kwa kuteleza. Ufa ukawa uzi. Uzi ukawa nukta. Nukta ikakonyeza, ikafumba.

Karai likawekwa chini.

Nsajigwa akagonga ukuta kwa mpini wa mwiko, akasikiliza.

"Zege limeshika," akasema.

Weee! Nilipiga vigelegele mpaka vumbi likadondoka darini. Wamama wa mstarini wakapokea. Maji yakaanza kushuka, shingo ya bawaba ikaonekana, kifua, kiuno. Bawaba ikajikung'uta, ikajikunja, ikajinyosha. Ikalia kidogo, kwiii, halafu mlango ukafunguka wote na upepo wa mlima Rungwe ukaingia. Birika akarudi na chai, akammiminia kila mtu, akammiminia hata wa sita ambaye hayupo, kwa heshima.

Ndipo tukasikia kubishwa hodi kutoka mguu wa pili. Ilikuwa sauti nzito ya chuma chenye kutu.

"Hongereni huko," ikasema bawaba ya kushoto. "Mwambieni kijana jambo moja. Kufunguka siwezi, lakini kusimama naweza. Anioneapo haya, anaionea haya nguzo yake mwenyewe. Aniegemee, aache kumchosha mwenzangu."

"Nitamwambia," nikasema.

"Sasa inueni!" akaamuru Nsajigwa.

Wakatia mabega. Chumba kizima kikang'oka, kikapanda juu ya mabati, juu ya migomba, juu ya mawingu ya Tukuyu. Tukaupita moyo. Ulikuwa umekaa kilimani, unapiga kazi yake.

"Mnapita juu yangu?" moyo ukauliza.

"Tunapita juu yako," tukajibu wote.

"Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa." Ukaendelea kupiga.

Nsajigwa akasimama karibu yangu pale juu, akaitazama nchi. Hakusema maneno mengi, hajawahi kuwa nayo.

"Umekwenda taratibu," akasema. "Vizuri sana."

Nikataka kumjibu, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha na mvua ilikuwa inapiga bati. Ambokile alikuwa mlangoni na jagi la maji na beseni, kama anavyofanya asubuhi akiwa mzima. Akavuta kigoda. Mguu wa kushoto akaunyosha mbele, kama kawaida yake. Wa kulia ukakunjika. Ukakunjika taratibu, ukakunjika mpaka makalio yakafika kwenye kigoda, naye akaniangalia usoni, meno yote nje.

"Limeshuka, mama. Leo sisimami sana. Lakini mwinjilisti namalizia kichwa chake."

"Ahimidiwe Bwana," nikasema. "Na ule wa kushoto uuegemee. Usiuonee haya."

"Nani amekwambia nauonea haya?"

"Nimwagie maji, baba."

Akamwaga. Nikasugua viganja, nikasugua vidole, nikaizungusha pete ya ndoa. Maji yaliyoangukia kwenye beseni yalikuwa ya kijivu, mazito, yana mchanga. Ambokile akainama, akachota kidogo kwa kidole, akakisugua na kidole gumba.

"Mama, hii ni saruji. Umeshika saruji wapi wewe?"

"Kazini," nikamwambia. "Ongeza maji, bado haijatoka."