Mbona Halii

...na anauliza tena, Mbona halii, mkunga, mbona mtoto halii, mama mkwe wangu huyo, yuko nyuma ya pazia, namwona miguu tu, kandambili zake zinakwenda zinarudi, zinakwenda zinarudi, utadhani aliyezaa ni yeye, na mimi nimekaa ndani ya beseni hili kubwa, maji ya vuguvugu yananifika chini ya matiti, mtoto kanilalia kifuani, ametoka sasa hivi tu, amenitoka humuhumu majini, mkunga akamwinua taratibu uso ukaja juu, na ni kweli hajalia, amefumbua macho ananitazama, sasa huko nje unataka nini, nimfinye ili wewe ustarehe... Mkunga anamjibu kwa sauti ileile anayotumia na kila mtu, Mama, anapumua, tumpe nafasi, na mama mkwe anasema, Mpige makalioni kidogo, watoto wote hupigwa, na hapo ndipo damu inaponichemka, watoto wote hupigwa, mbona humalizii, mama, na mama zao nao hupigwa, maana mimi nilipigwa, siku nilipomzaa binti yangu mkubwa, juu ya kile kitanda cha chuma chenye mpira uliochanika, muuguzi alinitandika kofi la paja akaniambia, Ulipokuwa unaitafuta hukulia, leo unamlilia nani, wenzake wakacheka, nami nikafunga mdomo nikazaa kimya kama mwizi, binti akatoka akashikwa miguu kichwa chini kama kuku wa kupelekwa sokoni, akapigwa, akalia, wote wakafurahi, Ana mapafu huyu, wakamfunga kitambaa wakaondoka naye, na mimi nikabaki mikono mitupu namsikia analia upande wa pili wa ukuta, hakuna aliyeniambia ni wangu, nilimjua, nikaita, nikaambiwa nisisumbue, wakaja kunipa jua limeshazama, sauti imemkauka, na wewe mama mkwe ukaja na chupa ya chai, nikakueleza yote, ukanimiminia kikombe ukasema, Ndivyo ilivyo, mwanangu, sote tumepita huko... ndivyo ilivyo, maneno mawili tu lakini yalinikwama kooni kama mwiba wa samaki, si maji wala si tonge lililoyashusha, na ndiyo maana leo niko hapa, nilisema tumbo hili la pili sitalizaa pale, nitazaa kwa huyu mkunga, ndani ya maji, bila mtu wa kunishika mapaja, na wewe ukasema mbele ya mwanao na mbele ya jirani, Kumbe unataka kunizalia kambare, jirani akacheka hadi akashika ukuta, na mwanao, baba watoto, mume wangu wa kuchagua mwenyewe, alitazama viatu vyake, aliyekuwa ameshakubali kila kitu, aliyekwenda na mimi kuliona beseni akaligonga kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti maji, na hata leo maumivu yalipokaza akasema, Nyinyi wanawake mtaelewana, akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa, mimi nimekaa ndani ya maji na yeye anatafuta maji, na hajarudi, akirudi nitamwambia... Mkunga ananiinamia, anashika kitovu kwa vidole viwili, bado hajakikata, kinaelea kinene kati yangu na mtoto, anasema, Bado kinadunda, bado anapata hewa kwako huku anajifunza kuvuta ya kwake, mshushe kidogo mwili ubaki majini asipate baridi, kichwa kibaki nje, na ananivutia kijitaulo anamfuta nywele, anamvalisha kofia, na mimi naelewa, siku zile aliponieleza nilimwelewa upesi, kwa sababu kazi yangu ni fundi wa friji, aliniambia mtoto akiwa majini havuti pumzi, anangoja uso ukutane na hewa, na ubaridi wa hewa ndio unaomwambia haya sasa anza, mapafu yalikuwa yamejaa majimaji, yanataka kunyonywa hayo, na damu iliyokuwa ikipitia njia moja inageuka inapitia nyingine, moyoni kuna kijitundu kinajifunga, nikasema basi ni valvu, moja inafunga nyingine inafungua, presha inageuka, akacheka akasema ndiyo, ni kama hivyo, sasa nani umewahi kumwona akiipiga presha kofi ili igeuke, na aliniambia pia, Wa majini wengi hawaji na kelele, joto ni lilelile, maji ni yaleyale, anakawia kujua kwamba amefika, usitishike... nami sitishiki, sitishiki hata kidogo, ni huyu wa nyuma ya pazia anayenitia wazimu kwa swali lake, mbona viganja vyake bado vina ubluu, hilo hajaliuliza yeye, hilo nimeliuliza mimi, nimeliuliza kwa sauti, na mkunga ananijibu, Viganja na nyayo hukawia, mtazame ulimi, na mtoto anapiga mwayo, kijimwayo cha mzee aliyechoka, ulimi ni mwekundu, umeiva, Umeona, anasema, na mimi naona, kisha sioni, nataka apige mwayo tena, nataka akohoe, nataka afanye chochote, na hapo ndipo ninapojikamata... nataka alie. Nimeketi hapa namtukana mama wa watu moyoni na kumbe nami nakitaka kilio kilekile, yeye anasema tu kile ninachokimeza, na hilo linanikasirisha zaidi, kukasirishwa na mtu kwa kuwa mnaogopa kitu kimoja, basi tulia mwanangu, usilie kwa ajili yangu, vuta hewa yako, kifua chake kinapanda chini ya kiganja changu, kinashuka, kinasita, kinapanda... kandambili zimesimama. Mama mkwe anasema na mkunga sasa, sauti ya chini, ile ya mtu anayedhani beseni halina masikio, anasema, Wa kwangu wa pili hakulia, nilimshika hivyohivyo kifuani, ananitazama, wakaniambia ametulia tu huyo, nikaamini, nikamtikisa hivi... kandambili moja inasugua sakafu. Wa pili. Wa pili gani, baba watoto ni mtoto wa pekee, miaka yote naambiwa ni mtoto wa pekee, kila sahani ya nyama ya kwake imetetewa kwa neno hilo, na mkunga anamuuliza kwa upole, Walikwambia nini baadaye, na mama mkwe anajibu, Wakaniambia ndivyo ilivyo, nikapewa khanga yangu nikaenda nyumbani, na nyumbani wakasema asitajwe... na mimi ndani ya maji haya hasira bado ninayo, tena imezidi, ila nikiitafuta pale nilipokuwa nimeielekeza, nyuma ya pazia, haipo tena, imewaendea waliompa mwanamke khanga yake badala ya mtoto, waliomfundisha maneno mawili akayameza akadhani ni dawa, ndiyo maana akaja kuninywesha na mimi, hakuwa na jingine la kunipa, ee mama, na ule mwendo wako wote huo nyuma ya pazia... Namwita. Nasema, Mama, njoo ndani, na mkunga anavuta pazia, na anaingia, mfupi kuliko nilivyokuwa nikimfikiria dakika hizi zote, mikono ameikumbatia tumboni, hamtazami mtoto, anatazama maji, nasema, Lete mkono, anapandisha mkono wa gauni na bado unalowa, nauchukua nauweka mgongoni kwa mtoto, mkono mkavu wenye ngozi ngumu ya kufulia, nao unapanda na kushuka naye, kitovu bado kinadunda, mtoto bado yuko kimya, hakuna kilichobadilika humu ndani, na nilikuwa na mengi ya kumwambia, nimeyapanga tangu mimba ya kwanza, lakini linalonitoka ni hili, nasema, Huyo wa pili, mama, mlimpa jina gani, na ananitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha aliyoisahau utotoni, midomo inajaribu, kisha anapiga magoti kando ya beseni, ananisogelea sikioni, na ananiambia.