Ncha ya Pili ya Shuka

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hakunji shuka kubwa. Mama Mapovu alilijua hilo siku zote, ila hakuwahi kulazimika kulijaribu. Sasa alifunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango wa nyuma, akaishika ya pili, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mashine ya kufulia, akavuta. Kitasa kilishika, sikatai. Lakini kitasa hakijui kuja kukutana nawe katikati.

Miaka yote ya duka lake la kufulia, aliyeshika ncha ya pili alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wateja walimwita Pasi, maana ndiye aliyepiga pasi, na ulimi wake nao ulikuwa wa moto.

"Vuta, wifi! Au kaka yangu alioa jongoo?"

"Kaka yako alizaliwa vizuri. Wewe ulizaliwa wameshachoka."

Wakicheka, wakikutana pua kwa pua, wakiachana tena kwenda kushika shuka jingine.

Halafu hoteli iliyokuwa ikiwaletea mashuka ikanunua mashine zake. Mama Mapovu akakaa na neno kooni kama mwiba wa samaki. Mwisho akalitoa nusu: "Pumzika kidogo, wifi. Kazi ikirudi nitakuita." Pasi akatundika aproni yake msumarini, akasema, "Basi usimpe mtu pasi yangu," akaenda zake.

Sasa, mtu akikosa kazi hulipwa mafao na ofisi ya serikali wakati anatafuta nyingine. Lakini ofisi haianzi kumsikiliza yeye. Humsikiliza kwanza mwajiri, na siku hizi mwajiri hapeleki karatasi. Huingia kwenye mfumo mtandaoni, akajaza siku za kazi, mshahara, na sababu ya mtu kuondoka, akatuma. Mama Mapovu alivaa miwani, akajaza taratibu kwenye kompyuta ya dukani, mpaka akafika kwenye sababu. Zilijipanga hapo: ameachishwa kwa kuwa kazi imekwisha, amefukuzwa kwa kosa, ameacha mwenyewe.

Alizitazama kama mgeni aliyewekewa sahani tatu, zote zimeungua. Amwachishe wifi yake? Damu ya mume wake? Na hilo la kazi imekwisha nalo hakulitaka, mlangoni bado kulikuwa na kibao kimeandikwa TUMEFUNGUA. Akachagua la mwisho. Aliona linampa mtu heshima yake: ameondoka kwa miguu yake, hakuna aliyemsukuma. Akabonyeza tuma, akaenda kuchemsha chai kwa moyo mweupe.

Ofisi ikamjibu Pasi kwamba aliyeacha kazi kwa hiari yake hana mafao.

Pasi hakupiga hodi siku ile. Hakuwahi kupiga hodi pale; nani hupiga hodi kwake? Aliingia moja kwa moja, simu mkononi.

"Mimi niliacha? Mimi, wifi? Vidole vimeungua hapa mpaka havina alama, leo niliacha?"

"Nilitaka kukustahi."

"Mwenye nyumba hapokei heshima! Ameshaniambia nihame mwezi ukiisha." Kisha akashusha sauti, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Bora ungenifukuza mchana kweupe. Wewe umenifukuza, halafu ukasema nilikimbia."

Akatoka. Kutoka hapo, kila Mama Mapovu akimpigia, simu ikawa inaita mpaka inachoka.

Ukimya ukahamia dukani. Jirani akileta blanketi moja, mwalimu akileta mapazia, basi. Mama Mapovu alikuwa akimaliza kufua anasema kwa sauti, "Haya, wifi," anageuka, anakutana na ukuta. Asubuhi moja alijisikia akimwambia kitasa, "Vuta." Akaona aibu, akaketi. Akainuka, akapigia ofisi.

Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuulizwa jambo lile lile.

"Mama, aliacha au ulimwachisha?"

"Binti yangu, sisi hatumwachishi wifi."

"Kwenye mfumo hakuna wifi, mama. Kuna mwajiri na mfanyakazi."

"Na mwajiri ndiye..."

"Ndiye wewe, mama yangu. Taarifa inasahihishwa, usiogope. Ifungue, bonyeza sahihisha, andika lililotokea. Si ambalo ungependa litokee."

Aliifungua. Safari hii akaweka ameachishwa kwa kuwa kazi imekwisha, akipumua kama anayepanda ngazi. Alidhani amemaliza. Chini kukatokea swali ambalo mara ya kwanza hakuulizwa: Anatarajiwa kurudi kazini?

Akaweka ndiyo bila kufikiri. Mfumo ukamwuliza tarehe.

Aliitazama kalenda ukutani. Ilikuwa ya ile hoteli. Akaitazama aproni msumarini, mfukoni bado imetuna kwa vibanio vya nguo. Akabonyeza tuma hivyo hivyo. Mfumo ukakataa, ukarudisha swali kwa rangi nyekundu. Ulitaka tarehe, na tarehe hakuwa nayo, wala hakukuwa na mtu duniani wa kumkopesha.

Akaweka hapana. Ikapita.

Siku zikaenda. Alikuwa anavuta shuka la mwalimu aliposikia mlangoni, "Hodi."

Sauti aliijua. Neno ndilo lililomchoma. "Karibu," alijibu, kama anavyojibiwa mgeni.

Pasi alisimama akiwa amevaa nguo za kutokea. "Wamekubali. Mwenye nyumba naye ametulia."

"Nashukuru, wifi."

Pasi alifuata shuka kwa macho mpaka kwenye kitasa. "Ndiye huyu aliyechukua kazi yangu?"

"Mpole. Hajibizani."

"Basi mmefaana." Akaifungua ncha, akaishika. Wakavuta, wakakunja, wakakutana katikati, pua kwa pua. Hakuna aliyetania. Pasi alilainisha mkunjo kwa kiganja, akaliweka shuka mezani.

Kisha akaenda msumarini, akaishusha aproni yake, akaitia kwenye mkoba.

"Wifi, iache tu hapo."

"Umeandika sirudi. Isikae ikikudanganya." Akamshika bega kidogo. "Nitakuja kukuona."

"Njoo. Usipige hodi."

Pasi akatabasamu, lakini hakuahidi.

Alipokwenda, Mama Mapovu akageuza kibao cha mlangoni. Kwenye kapu lilibaki shuka moja, la kitanda chake mwenyewe. Akalichukua, akakiendea kitasa, akasita. Msumari wa aproni ulikuwa juu zaidi, karibu na bega la mtu aliyesimama. Akafunga ncha pale, akarudi kinyumenyume, akavuta.