Kelele Iliyopigiwa Kura

Pikapu ya kijiji ilikuwa ikigonga mbele, ko-ko-ko, na kila mtu alikuwa na maoni. Hiyo ndiyo taabu ya gari la wote: wote ni mafundi. Lakini kulala chini yake kwenye vumbi, hapo wote walimwachia Mhoja, dereva.

Mara ya kwanza Mhoja alikosea mwenyewe. Alishuku springi, akaifungua, akaichongea bushi mpya ya mpira kutoka tairi chakavu, kisha akaiapia kamati ya kijiji kwamba kelele imekwisha. Ilirudi kabla hawajafika barabara kuu. Tangu hapo kamati haikumwamini tena, na mwenyekiti, mzee Kashindye, akawa hamalizi maongezi bila kumtaja mpwa wake Chenge, kijana mwenye leseni na mikono laini.

Sasa ikabaki siku moja kina mama wapelekwe kliniki Misungwi na watoto wao. Bernadeta, mke wa Mhoja, naye angepanda nyuma na kichanga chao. Mhoja akaiita kamati aionyeshe kelele inakotoka.

Kamati ikataka isikie kwa masikio yake. Wakajipakia wote, mmoja akaomba ashushwe shambani kwake, mwingine akapanda na kuku.

"Wazee wangu, naomba mnyamaze kidogo," Mhoja alisema.

Wakaanza kunyamazishana, na kunyamazishana kwao kukazidi kelele ya gari.

Waliporudi, Mhoja alipiga jeki, akaingiza mtaimbo chini ya gurudumu la mbele kushoto na kulinyanyua. Gurudumu likacheza kama jino bovu.

"Springi ni nzima," alisema. "Ni boljointi, hiki kifundo cha chuma kinachoshika gurudumu. Kikichomoka tukiwa njiani, tunapinduka."

Kashindye aliinama, akatazama sana. "Tumeona. Sasa tupige kura."

"Kura ya nini, mzee?"

"Ya kelele inatoka wapi."

Springi ilishinda, shokapu ikafuatia. Boljointi ilipata kura moja, ya mama Wilhelmina, ambaye baadaye alieleza kwamba alidhani wanauliza nani anataka chai. Ikaamuliwa springi ipakwe grisi na safari iwepo.

Mhoja aliutupa mtaimbo chini. "Mimi siendeshi."

"Usiendeshe. Chenge yupo."

Chenge, na Bernadeta na mtoto nyuma! Jioni ile, watu wakiwa kwenye ugali, Mhoja aliifungua boljointi, akaitia mfukoni, akaiacha pikapu imekaa juu ya mawe. Akadandia lori la pamba hadi Mwanza. Maduka machache yaliyokuwa wazi usiku ule hayakuwa na spea mpya, lakini fundi mmoja wa mtaa wa Mirongo alimng'olea nyingine kwenye gari lililokufa. Asubuhi alikuwa amerudi na kuifunga. Aliponyanyua kwa mtaimbo, gurudumu halikutikisika.

Akatoka chini ya gari na kuikuta kamati imesimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeondoa mali ya kijiji bila kura," alisema Kashindye.

"Nimeleta iliyo nzima kuliko ile."

"Bila kura."

Wakapiga kura palepale, na safari hii hawakukawia. Mhoja aliachishwa udereva na ufunguo akapewa Chenge, ambaye kwanza alipaka springi grisi kama ilivyoamuliwa. Mhoja alitamani kulia na kutukana kwa pamoja. Alipanda nyuma na kina mama, akaketi kando ya Bernadeta.

Chenge hakuruka shimo hata moja, yote aliyaingia. Pikapu iliyumba, kina mama wakashikana, na huko mbele hakukugonga kitu.

Karibu na Misungwi Kashindye, aliyeketi mbele na Chenge, alitoa kichwa dirishani. "Mnasikia kimya hicho? Si tulisema ni springi?"

Kina mama wakampigia makofi. Mhoja alikuwa ameshainuka nusu, mdomo wazi, Bernadeta alipomwekea mtoto mapajani.

"Mshike huyu," alimwambia. "Amelala."

Mhoja akafunga mdomo, akakaa.